Chokaa ya Mikindani na Mlinganyo wa Kidato cha Tatu

Nafundisha kemia Mtwara mjini, na jioni nakaa na vijana wa kidato cha tatu na cha nne wanaotaka kurudia walichosoma mchana. Mada inayowaleta wengi ni kuandika na kusawazisha milinganyo ya kikemikali, yaani kuandika kwa fomula vitu vinavyoingia na vinavyotoka katika badiliko, atomi za kila aina zikilingana pande zote mbili za mshale. Wanakuja na madaftari yaliyojaa mishale, namba zimefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imetoboka, na karibu wote wana swali moja: Mwalimu, namba ya mbele unaijuaje?

Siku ya kwanza jibu langu huwa haliwaridhishi. Nawaambia kwamba namba ya mbele, ile inayotangulia fomula kama 2 katika 2H₂O, ndiyo kazi ndogo kuliko zote katika mlinganyo. Kazi kubwa iko kabla yake: kujua kimeingia nini, kimetoka nini, na kuandika fomula ya kila kimoja kama ilivyo. Mwanafunzi aliyeshika hayo matatu, namba zinakuja zenyewe kwa hesabu ya darasa la nne. Asiyeyashika anaweza kusawazisha usiku kucha, akaibuka na mlinganyo ulionyooka kabisa wa jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni chokaa, kwa sababu huku kwetu kusini chokaa haikosekani. Ukienda Mikindani, kilomita chache tu kutoka Mtwara mjini, nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikwa kwa chokaa. Ukipanda mpaka Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, unaukuta Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, majengo yaliyokwishasimama karne nyingi. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifia mji ule. Saruji ya viwandani ilikuwa bado haijajulikana popote duniani. Kilichoshika yale mawe ni chokaa iliyochomwa hapo hapo pwani.

Chokaa ya asili inachomwa hivi. Magogo yanapangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na vipande vya matumbawe vinamwagwa juu yake. Moto unawashwa kutokea katikati na kuachwa ule kuni usiku kucha. Asubuhi, majivu yakishapoa, matumbawe yaliyokuwa ya kijivu na magumu yamekuwa meupe, na ukikishika kipande unashangaa kilivyo chepesi. Wazee waliofanya kazi hiyo wanalijua jiwe lililoiva kwa mkono: wanalinyanyua. Likiwa bado zito, halijaiva. (Nieleweke hapa: sisemi watu warudi kuvunja matumbawe hai. Yale ni nyumba za samaki, na pwani yetu imeshapoteza mengi. Nazungumzia kemia yake tu.)

Ule wepesi una maelezo yake. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti, na katika joto la kama nyuzi 900 za Selsiasi inavunjika:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kinachobaki ni kalsiamu oksaidi, chokaa mbichi. Kilichoondoka ni kaboni dayoksaidi, ile hewa ukaa, imepanda na moshi na hakuna aliyeiona. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi mpaka liive lote, unabaki na kilo 56. Kilo 44 zimekwenda hewani. Mzee anayepima jiwe kwa kiganja anaisoma tofauti hiyo, hata kama hajawahi kuandika fomula maishani mwake.

Sasa hesabu atomi. Kalsiamu moja kushoto, moja kulia. Kaboni moja, moja. Oksijeni tatu kushoto. Kulia moja na mbili, tatu. Hakuna namba ya mbele hata moja ya kutafuta, mlinganyo umesawazika wenyewe. Lakini ndio mlinganyo wanaoukosa wengi, kwa sababu wanaandika CaCO₃ → CaO na kuishia hapo. Wameandika walichokiona: jiwe limeingia, jiwe limetoka. Wakigundua kwamba pande mbili hazilingani, wanaanza kutupia namba, mbili huku, tatu kule. Hakuna namba itakayowaokoa. Kaboni iliyoko kushoto haina pa kwenda upande wa kulia mpaka uiandike ile hewa.

Baada ya tanuri inakuja kuzima chokaa. Chokaa mbichi inamwagiwa maji, nayo inachemka, inapasuka, inatoa mvuke na joto kali. Fundi anayejua kazi anakaa mbali, kwa maana tone moja likiingia jichoni ni balaa.

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Ile mbili ya nje ya mabano inazidisha vyote vilivyomo ndani, oksijeni mbili na haidrojeni mbili. Hesabu tena: kila kitu kinalingana, na hapa pia hakuna namba ya mbele.

Mlinganyo wa tatu ndio unaonifanya niupende huu mfano kuliko yote. Chokaa iliyozimwa inachanganywa na mchanga, inapakwa ukutani, maji yanakauka. Lakini kukauka hakuifanyi kuwa jiwe. Inakuwa jiwe taratibu, miezi na miaka, kwa kuvuta kutoka hewani ile ile kaboni dayoksaidi iliyoitoa tanurini:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Kwa hiyo ukuta wa Kilwa umeshikwa na kalsiamu kaboneti iliyotengenezwa upya na hewa. Tumbawe limevunjwa kwa moto, limezimwa kwa maji, na hewa imelirudisha kuwa jiwe, sasa likiwa na umbo la ukuta. Wanafunzi wangu wanaufahamu mlinganyo huo bila kujua wameshakutana nao. Ni ule wa maabara: unachukua maji ya chokaa yaliyo maangavu kama maji ya kunywa, unapuliza pumzi yako kwa mrija, na baada ya muda mfupi yanakuwa kama yametiwa maziwa. Ukungu ule ni CaCO₃. Nikiwaambia kwamba wameanza kujenga msikiti wa Kilwa ndani ya bomba la kioo, wananyamaza kidogo, kisha anayethubutu anauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, ukuta wa Mikindani bado unavuta hewa?" Ile sehemu ya ndani ambayo haijabadilika yote, ndiyo, inaendelea.

Milinganyo mitatu, na hakuna namba ya mbele hata moja. Ugumu wake wote uko katika kujua nini kimeingia na nini kimetoka. Ndiyo maana naona vibaya mada hii inapofundishwa kama mchezo wa namba, kwa mifano ya herufi tu, wakati kiwanda cha saruji nje kidogo ya mji wetu kinaufanya ule mlinganyo wa kwanza mchana na usiku.

Namba zenyewe nazo zina haki yake, na hapa naingia kwenye gesi. Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba linalotoka kwetu kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Sehemu kubwa sana ya gesi hiyo ni methani, CH₄. Ikiungua vizuri inatoa kaboni dayoksaidi na maji. Kwa wanaoshangaa maji yanatoka wapi: weka sufuria ya maji baridi juu ya moto wa gesi, tazama tako lake nukta chache za mwanzo, utaona umande.

Andika kwanza fomula, bila namba:

CH₄ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni inalingana. Haidrojeni ni nne kushoto na mbili kulia. Hapa ndipo majaribu yalipo. Mwanafunzi anaona ile 2 ndogo kwenye H₂O, anaigeuza 4, haidrojeni zimelingana, anafurahi. Lakini H₄O haipo. Mwingine anayehangaika na oksijeni ataandika H₂O₂, na hicho kipo kweli: ni haidrojeni peroksaidi, dawa ile inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda. Mwingine ataandika O₃, nayo ipo, ni ozoni, gesi nyingine kabisa. Ukigusa namba ya chini umebadilisha kitu chenyewe.

Kwa watu wa korosho naeleza kwa ghala. Namba ya mbele inakuambia magunia mangapi, na namba ya chini inakuambia kilichoshonewa ndani ya kila gunia. Mtunza ghala anaweza kuongeza idadi ya magunia mpaka daftari lake la mapokezi lilingane na la kutoa, lakini hana ruhusa ya kufumua gunia. Kijana aliyekulia Newala au Tandahimba haulizi mara ya pili.

Basi tunaongeza magunia. Haidrojeni nne zinahitaji maji mawili: 2H₂O. Sasa oksijeni upande wa kulia ni mbili za kaboni dayoksaidi na mbili za maji, jumla nne. Kushoto zinakuja mbili mbili, kwa hiyo 2O₂:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Angalia mpangilio: nimeanza na kaboni, nikaenda haidrojeni, nikaiacha oksijeni mwisho. Oksijeni ya hewani imesimama peke yake, ukiongeza idadi yake huharibu hesabu ya elementi nyingine yoyote. Anayeanza na oksijeni atazunguka mpaka achoke, kwa sababu kila akigusa maji au kaboni dayoksaidi anaivuruga tena. Kinachokaa peke yake kinawekwa mwisho. Nikiruhusiwa kufundisha mbinu moja tu, nafundisha hiyo.

Gesi ya mtungi tunayopikia nyumbani ni nyingine, ni propani na butani, na butani inawatisha watu. C₄H₁₀. Kaboni nne, kwa hiyo 4CO₂. Haidrojeni kumi, kwa hiyo 5H₂O. Oksijeni kulia: nane na tano, kumi na tatu. Kushoto zinakuja mbili mbili, na kumi na tatu haigawanyiki kwa mbili. Hapo wengi wanafuta kila kitu na kuanza upya, wakidhani wamepotea. Hawajapotea. Andika sita na nusu, kisha zidisha mlinganyo wote kwa mbili:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Nimewahi kuona mwanafunzi hodari akifika kwenye 13 hiyo na kuikataa, kwa sababu tu ilionekana namba mbaya. Kemia haina namba mbaya. Hesabu: kaboni nane na nane, haidrojeni ishirini na ishirini, oksijeni ishirini na sita na ishirini na sita.

Kutu ya misumari, ambayo upepo wa bahari unatupa bure, ina shida kama hiyo. Chuma na oksijeni vikitoa Fe₂O₃ (kutu halisi ina maji ndani yake, lakini tuiache), oksijeni ni mbili upande mmoja na tatu upande wa pili. Namba ndogo inayogawanyika kwa zote mbili ni sita. Ndiyo 4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃. Imekwisha.

Kuna sababu ya kihistoria inayonifanya nishikilie fomula itangulie. Antoine Lavoisier, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliweka wazi kwamba katika badiliko la kikemikali uzito unaoingia ndio unaotoka. Huo ndio msingi wa kusawazisha. Lakini msingi huo haukutosha. John Dalton, aliyetuletea hoja ya atomi mwaka 1808, aliyachukulia maji kuwa haidrojeni moja na oksijeni moja. Kwa fomula hiyo mlinganyo wa maji unasawazika vizuri sana: moja, moja, moja. Na si kweli.

Mwaka huo huo wa 1808 Joseph Gay-Lussac alionyesha kwamba gesi zinaungana kwa ujazo wa namba nzima. Haidrojeni ujazo mbili na oksijeni ujazo mmoja zinatoa mvuke wa maji ujazo mbili. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro akaeleza kwamba jambo hilo linaeleweka ikiwa chembe za gesi hizo zinatembea mbili mbili, H₂ na O₂. Wenzake hawakumsikiliza. Ilibidi kusubiri mpaka mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860, Stanislao Cannizzaro alipoitetea hoja hiyo na wanakemia wakaanza kukubaliana. Karibu nusu karne, watu wenye akili nyingi na mizani nzuri walikuwa na milinganyo iliyosawazika na fomula ya maji isiyo sahihi. Kwa hiyo kijana wa Chikongola anapokwama kwenye maji, simwambii ni rahisi.

Na tazama kazi ya Gay-Lussac ilivyobaki ndani ya namba zetu. 2H₂ + O₂ → 2H₂O: zile mbili, moja na mbili ndizo ujazo alioupima. Kwa gesi, namba ya mbele unaweza kuipima kwa chombo. Ujazo mmoja wa methani unahitaji ujazo mbili za oksijeni, na kwa kuwa oksijeni ni kama asilimia 21 tu ya hewa, moto wa methani unahitaji hewa karibu mara kumi ya gesi yenyewe. Hilo limetoka kwenye ile 2 tuliyoiweka mbele ya O₂. Butani inadai zaidi, kama mara thelathini na moja.

Chumvi nitaipitia haraka. Kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara, maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua linakausha, chumvi inabaki. Nikiwaomba wanafunzi waandike mlinganyo wake, wengi wanaandika 2Na + Cl₂ → 2NaCl. Fomula sawa, namba sawa. Ila sodiamu ni metali inayowaka ikiguswa na maji, na klorini ni gesi ya sumu. Vingekuwa kwenye majaruba, hakuna ambaye angetia mguu. Pale chumvi ilikuwa chumvi tangu baharini, kilichoondoka ni maji. Hakuna kitu kipya kilichozaliwa. Mlinganyo huo ni wa kweli mahali pengine, kwenye majaruba si mahali pake.

Sasa nirudi kwenye moto, maana hili linagusa nyumba zetu. Methani ile ile, ikipata hewa kidogo:

2CH₄ + 3O₂ → 2CO + 4H₂O

Na ikipata hewa kidogo zaidi:

CH₄ + O₂ → C + 2H₂O

Hesabu yote miwili. Imesawazika sawasawa na ule wa kwanza wa methani. Gesi ni moja, oksijeni ni moja, na hakuna kanuni ya kusawazisha itakayokuambia upi umetokea. Kinachoamua ni hewa iliyofika kwenye moto, na hilo unalijua kwa kutazama. Moto wa bluu ni ule mlinganyo wa kwanza. Moto wa njano na masizi kwenye sufuria ni kaboni ya mlinganyo wa mwisho. Ule wa katikati hauonekani wala haunuki: kaboni monoksaidi inaingia kwenye damu, inashika himoglobini, kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, kuliko oksijeni inavyoshika, na mtu analala asiamke.

Mkaa ni hivyo hivyo, na huku mkaa ni wa kila nyumba. C + O₂ → CO₂ ukiwa uani, upepo ukipita. 2C + O₂ → 2CO ukiingiza jiko ndani, ukafunga mlango na dirisha kwa ajili ya baridi ya Julai au mvua ya masika. Jiko halijabadilika, mkaa haujabadilika, anayepika ni mama yule yule. Naifundisha milinganyo hii miwili kwa pamoja, ubao mmoja, na kila mwaka nawaomba vijana wakaiandike nyumbani mbele ya wazazi wao na kuwaelezea kwa maneno ya kawaida. Wengine wanarudi na taarifa kwamba bibi alikuwa analala na jiko chumbani. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, bibi amesema sawa, jiko litalala nje, ila nimletee blanketi." Blanketi lilipatikana.

Kwa aliyesoma mpaka hapa na ana kalamu, hili hapa la kufanyia mazoezi. Mtungi una propani, C₃H₈. Moto ni wa njano na tako la sufuria limekuwa jeusi tititi. Andika mlinganyo wa hali hiyo, ukichukulia kwamba kaboni yote imegeuka masizi na haidrojeni yote imegeuka maji. Usitumie ule wa moto wa bluu, ambao unakula oksijeni 5. Wa masizi unakula 2 tu. Ukipata namba nyingine, iache oksijeni kwanza, rudi ukahesabu kaboni na haidrojeni.